Kielelezo Namba Moja

Miaka kumi na moja niliita majina
kwenye korido ya mahakama, Mpwapwa,
sauti yangu ikigonga bati:
Jamhuri dhidi ya Fulani! Jamhuri dhidi ya Fulani!
Watu wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakaingia.
Sikuwahi kujiuliza huyu Jamhuri
aliibiwa nini, alipigwa lini,
usiku anaugulia upande gani.

Siku hizi naita kwa hodi.
Nina dodoso la maswali thelathini na manne,
kalamu mbili za akiba,
na upepo wa Agosti unaoshuka kutoka Kongwa
ukitaka kunipokonya ukurasa wa pili.

Mlango wa kumi na saba, Chunyu.
Mbeleje Chilongani, fundi cherehani,
ananisogezea kigoda, anaendelea kupeta uwele.
Sijafungua kinywa, ananiambia:
"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniita."

Ndiyo. Shahidi wa kwanza, ndivyo nilivyomwita.
Jina lake halikuwa juu ya jalada,
lilikuwa ukurasa wa tatu, kwa penseli.
Asiyekuwepo na lake halipo, tulifundishwa.
Yeye alikuwepo, mara tisa, kwa nauli ya kukopa.
Lake ndilo halikuwepo.

Cherehani ilipatikana wiki ileile,
uvunguni kwa mwizi, imefunikwa khanga.
Polisi wakaifunga kikaratasi shingoni, P1,
wakaiingiza stoo.
Upelelezi haujakamilika.
Hakimu amehamishwa.
Wakili wa mshtakiwa anaumwa, njoo tarehe nne.
Hukumu ilipokuja, yeye alikuwa shambani, hakuna aliyemwambia,
na hukumu yenyewe haikusema neno juu ya cherehani.

"Nilikutana naye mnadani," anasema,
"anachagua mbuzi.
Akanisalimia, shikamoo mama.
Nikaitika. Ningefanyaje?
Kifungo chake kimekwisha.
Cherehani yangu bado imefungwa."

Swali la ishirini na mbili: Je, uliarifiwa?
Nikatia alama kwenye Hapana.
Kisanduku kidogo, hata punje ya uwele haienei.

*

Dodoma mjini, ghorofa ya nne.
Feni linazungusha joto lilelile.
Tumehesabu madodoso mia mbili na sita;
Hapana ni mia moja tisini na moja.
Wengine hawakujibu. Mmoja alilia tu,
na kwenye jedwali hatukujua pa kumweka.

Kwa siku mbili tulibishana juu ya neno moja.
Rasimu ilisema: mahakama *inaweza*
kumrudishia mwathirika mali yake.
Inaweza! Hata mvua inaweza
kunyesha Dodoma mwezi wa saba.
Wakili Sechelela akalikata kwa wino mwekundu,
akaandika: *itamrudishia*, ndani ya siku sitini,
picha ya mali ikibaki kuwa ushahidi.
Kiambishi tu, -ta-, silabi moja,
nami nikaiona nzito kama mlango wa stoo.

Mjumbe mmoja akavua miwani:
kamera hizo, wilaya zote, nani atalipa?
Nikamtajia nauli ya Chunyu, kwenda na kurudi, mara tisa.
Akaandika kitu.
Sijui aliandika nini.

*

Rasimu iko juu ya meza ya mtu.
Kila Ijumaa Mbeleje ananipigia.
Haulizi muswada umefika wapi.
Anauliza kama nimepita stoo.

Nimepita. Nimechungulia dirishani.
Ipo, katikati ya baiskeli na magunia ya bangi,
gurudumu limeshika kutu,
sindano imezama katikati ya mshono
na uzi wa bluu haujakatika.
Chini yake kuna kola ya shati,
shati la mtoto aliyekuwa anaanza darasa la kwanza.
Mwaka huu anamaliza la saba.