Mstari wa Chaki

Baba alinifundisha kazi kwa sabuni.
Ndoo nzima, povu hadi viwikoni,
matairi ya malori ya magogo yakiingia kwenye rimu
kama mguu mnene kwenye soksi ya sufu.
"Usiwe bahili, Eerika," na kunimwagia nyingine,
sabuni ya huku kwetu, ya utomvu wa msonobari,
hata mkate wa gereji ulionja msitu.

Kuteleza si kuanguka, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kumfungia kaka yake tairi
la gari lenye nguvu za farasi elfu moja na mia mbili.

Mwaka jana, kwenye uwanja wa ndege wa zamani,
taa ikawa kijani, Jouko akakanyaga,
na rimu ikazunguka ndani ya tairi
kama kidole ndani ya pete ya marehemu.
Tairi likabaki nyuma likishangaa.
Gari likatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikadondoka,
na kijana wa Vaasa akapita, mkono mmoja usukani.

Nilipolivua, alama niliyoielekeza kwenye valvu
ilikuwa imehama kiganja kizima.
Chini ya mdomo wa mpira palikuwa na unyevu bado,
siku tatu umejificha humo,
unanuka msonobari.

Sikumwambia Baba.

Mwaka huu nimefunga mlango.
Msasa kwanza, pale mpira unapokalia chuma,
nikaua ung'avu wote.
Kisha kitambaa na spiriti,
kitambaa kikatoka cheusi,
kikatoka kijivu,
kikatoka kama kilivyoingia.
Kisha kopo la Mama la kupuliza nywele,
lile la dhahabu, la kwenda nalo harusi za watu,
lililobaki kabatini na robo yake:
likiwa bichi huteleza, likikauka hushika.
Macho yakaniwasha.
Nikalaumu kopo.

Bila sabuni, tairi ni punda.
Nililipandia kwa goti, kwa mtaimbo, kwa matusi
ambayo Baba hajui kwamba ni yeye aliyenirithisha.
Ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye rimu.
Nikatia upepo: upande wa kwanza ukalia pa!
Wa pili ukasita,
ukasita,
nikarudi hatua tatu nyuma,
pa!

Jouko akapiga simu.
"Umetia skrubu?"
"Sijatia."
"Wenzetu wote wanatia."
"Wenzetu wote wanatoboa rimu zao."
Akakata.

Nikaliacha likauke. Juni huku usiku hauingii,
unachungulia tu mlangoni na kwenda zake.
Nilikaa juu ya ndoo tupu nikililinda tairi
kama anayengoja unga uumuke,
na saa nane, mwanga ukiwa wa rangi ya chai nyepesi,
nikachukua chaki
nikavuta mstari mmoja, kutoka chuma hadi mpira,
bila kuinua mkono.

Jumamosi. Moshi, mlio, lami ikanata viatuni.
Nani alishinda, ubao ulisema;
mimi nilikuwa nimekwisha piga magoti nyuma ya gari.

Mstari ulikuwa umevunjika.
Upana wa ukucha. Ukucha wa mtoto.

Nikaona viatu vya Baba kabla ya kumwona yeye.
Hakuwa amealikwa; goti lake halipendi changarawe.
Akajishusha polepole, mkono begani kwangu,
akasogeza pua mpaka karibu na mpira uliokuwa ukifuka,
akanusa.
Akanusa tena, kama mtu anayetafuta jina.

"Haunuki msonobari," akasema.

Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Hayakutoka.

Akalowesha kidole gumba kwa mate,
akafuta mstari wangu, upande wa chuma tu,
akanyoosha mkono kuomba chaki,
na kwa mkono ule unaotetemeka siku hizi
akauunga upya, umepinda kidogo,
pale tairi lilipochagua kukaa.