Chachu

Kijiti kilifika maabara Jumanne, ndani ya kichupa,
jina limeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikikata roho:
Kageha, miaka sabini na moja, Mudete.
Kaakaa, chini ya meno bandia.
Zamu ilikuwa yangu.
Nikatia sahihi, nikapokea mdomo wa mama yangu.

Niliupaka kwenye sahani, nikaufungia katika joto la kwapa,
siku mbili nikashughulikia makohozi ya watu wengine.

Alhamisi nilipoinua kifuniko
harufu ilinitangulia, nikasimama.
Ilikuwa jiko letu, mwaka wa themanini na saba:
unga uliolazwa hadi ukachacha,
ukakaangwa juu ya bati mpaka ukawa kahawia,
kisha kimea cha wimbi, kisha maji, kisha subira.
Pipa likianza kunong'ona
mama alilala ubavuni pake kama anayeuguza.
"Linapumua," alisema. "Msilipigie kelele."

Askari wa chifu walipokuja, walimwaga.
Hakulia mbele yao.
Walipoondoka alikomba tope la chini kwa kata,
akalitia kibuyuni, nyuma ya kuni.
"Pombe wamemwaga. Mbegu hawajaiona."
Kwa mbegu ile tulianza upya mara tisa.
Ilininunulia sare, sanduku la bati, karo ya chuo,
na jicho hili ninalolifumba
ili jingine lione.

Hao hapo, wamelewa rangi ya zambarau:
kiduara, na juu ya kiduara kiduara kingine,
mama na mtoto mgongoni.
Wengine wamenyoosha vidole virefu
wanatafuta pa kushika.
Si ile ya busaa. Najua. Ukoo mwingine,
wanaofanana sauti tu.
Lakini jibu niliandika polepole,
na jina lake nikalirudia mara mbili.

Jumamosi, uani, nikamwambia afungue.
Kaakaa lilikuwa jekundu tupu,
umbo lilelile la plastiki ya fundi wa Luanda,
mpaka umenyooka kama uzio wa shamba lenye kesi.
"Unayavua usiku?"
Akatazama kuku.
"Hujayavua tangu lini?"
"Tangu matanga ya baba yako."

Miaka sita.

"Usiku ndio watu hufa," akasema.
"Wakinikuta asubuhi kinywa kimebonyea kama mfuko mtupu,
watasema Kageha alikuwa hivyo siku zote.
Meno haya ni mbuzi wawili. Nitazikwa nayo."

Nikaeleza, kwa sauti ile ya dirishani:
matone ya dawa, brashi, sabuni,
maji baridi usiku kucha, kaakaa lipigwe na hewa.
Nikataja kuvu kwa jina lake la kitabuni.
Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni.
Kisha akacheka, mkono mdomoni.

"Giza," akasema. "Joto. Uji wenye sukari.
Na mtu asiyefunua kifuniko.
Mwanangu, hiyo ni kupika.
Miaka sita napika kinywani
na sijauza hata kikombe!
Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Akageuka kidogo, akayavua mwenyewe.
Sikuwa nimewahi kumwona.
Uso ulirudi ndani, ukawa wa bibi yake
tuliyekuwa na picha yake moja, iliyoliwa na mchwa.
Maneno yake yakawa laini, yamepoteza kingo.
Nililazimika kusogea ili nimsikie.

Glasi hakutaka. Alichukua kikombe cha bati,
kile cha kupimia, chenye alama ya msumari
pale shilingi mbili ilipoishia.
Akatia maji hadi kwenye alama,
akatumbukiza meno, akayaacha wazi.

Usiku wa manane nilisikia kitanda kikilia.
Tochi ikawaka.
Alikuwa ameinama, nywele zimeachiliwa,
sikio juu ya kikombe,
akisikiliza kama kinanong'ona.