Buti la Kushoto

Ilikuwa inaingia vizuri tu, klak,
magurudumu manne yakavuta kama ndugu,
kisha kwenye tuta la kwanza, pale reli inapokata njia,
ikachomoka.
Mawili ya mbele yakageuka abiria.

Baba alishuka, akaitazama pikapu
kama anavyomtazama ng'ombe aliyegoma kukamuliwa:
bila hasira, kwa muda mrefu.
"Giabox," akasema. "Imekufa."
Onni Kettunen hana maneno mengi.
Hayo mawili yalinila wikendi tatu.

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
Michigan ya juu kabisa, ambako hata mate yanafikiri kabla ya kuanguka.
Mgongo wangu juu ya boksi la friji lililobanjuliwa,
tochi menoni.
Nikamwaga oili: safi, rangi ya asali,
sumaku ya nati haina hata kichele.
Nikazungusha propela shafti kwa mkono. Haina neno.
Nikafungua habu za mbele, moja, ya pili,
nikazipaka grisi, nikazifunga; zinashika kama kupe.
Nikakaza fimbo za gia. Nikalegeza.
Nusu mzunguko. Robo.
Robo ya robo, huku nikiongea nazo vibaya.
Gerard Beaudoin akaleta uma wa gia
aliouchomoa kwenye gari la marehemu shemeji yake,
akanywa kahawa yetu, akaondoka na koleo letu.

Tukapanda tena kuelekea kwenye kuni.
Reli.
Ikachomoka.

"Ilianza lini, baba?"
Akahesabu kwa kidole juu ya usukani.
"Tangu mama yako aende kuwekewa nyonga."

Nikapiga simu Marquette, wodi ya mifupa.
Nikamsimulia Aili kila kitu, oili, habu, fimbo, uma,
kama mtu anayeungama kwa kasisi asiye na haraka.
Kimya.
Halafu kicheko, kile cha kuumiza mshono.
"Kwani hajui? Miaka tisa naushikilia mimi huo mkono wa gia.
Kwa buti. La kushoto.
Naukanyagia kuanzia getini mpaka kwenye lami."
"Na hukumwambia?"
"Hakuuliza.
Isitoshe, pale ndipo hita inapopuliza."

Nikarudi chini ya gari na macho mengine.
Safari hii sikuitazama giabox; nilitazama juu yake,
kwenye mipira inayoibeba kebini:
imelala, imepasuka, bapa kama chapati ya juzi.
Kebini imeshuka vidole viwili,
na tundu la sakafu linausukuma mkono wa gia ubavuni
kila unapotaka kuingia.
Ulikuwa unafika mlangoni, unabisha,
unahesabiwa kuwa umo ndani.
Nami nilikuwa nikipasua tumbo
la mgonjwa wa mabega.

Mipira minne, dola thelathini na moja,
duka la vifaa vya matrekta.
Jeki ikapanda, kebini ikalia,
kutu ya miaka yote ikanimwagikia usoni.
Nikaingiza gia.
Haikusema klak. Ilisema klok,
sauti ya mtu aliyevua viatu.

Februari tulimleta mama nyumbani.
Watatu kiti kimoja: baba kwenye usukani,
mama katikati, gongo lake likinichoma mbavuni.
Theluji hadi magotini kuanzia getini.
Klok.
Tuta. Reli.
Imetulia.
"Imepona," akasema baba kwa kioo cha mbele.
Mama akanitazama, hakusema neno.
Polepole, kwa sababu ya nyonga,
akainua buti la kushoto
na kulilaza palepale pa siku zote.

Baba aliliona.
Alilitazama kupita kiasi kwa mtu anayeendesha,
kisha akasogeza goti lake kidogo,
akalipisha.