Sababu ya Safari

Fomu inauliza: sababu ya safari.
Kuna vijumba vya kutia alama: kazi, masomo,
matibabu, kutembelea jamaa, utalii.
Kitsao, kijana wa saiba hapa Muyeye,
ananitazama juu ya miwani.
"Mama Nyevu, tia kazi. Au tia jamaa.
Hicho cha mwisho nani atakuamini?"

Nakitia hicho cha mwisho.
Nakikoleza wino mpaka karatasi inatoboka.

Miaka kumi na tisa napiga pasi mashuka yao
kule kwenye majumba ya Casuarina.
Najua divai nyekundu haitoki kwa maji moto.
Najua kusema bonjorno kwa sauti mbili:
ya mwenye shuka, na ya mfua shuka.
Lugha yao niliiokota sakafuni,
neno moja moja, kama vifungo.

Nimefungua daftari la miraba.
Viza.
Bima. (Hata nisipougua? Hata usipougua.)
Nauli ya ndege, inayopanda na kushuka
kama bei ya nyanya msimu wa mvua.
Basi la Nairobi, nikapigwe alama za vidole,
vidole hivi, ambavyo pasi imevifuta nusu;
mashine itabidi ivisome kwa subira.
Fungu la chama la mwezi wa sita ni langu.
Mbuzi wawili wa kule Ganda
nimewaambia waanze kuaga.

Tena wataka taarifa ya benki, miezi sita.
Yule Mreno aliyetusimamishia mnara pale baharini
mbona yeye hakuulizwa?
Kitsao anacheka. Printa inakwama.

Mdogo wangu Mbeyu hajanielewa hadi leo.
"Unatoka juani kwenda juani?
Bahari si hii? Mchanga si huu,
unaotuingia hadi kwenye sima?
Ama samaki wao mkia uko mbele?"
Nikamwambia, Mbeyu,
bahari hii naionea dirishani, na dirisha nalifuta mimi.
Nataka kuiona siku moja na mikono mitupu.

Nimechagua pwani ya kisiginoni, chini kabisa ya kiatu.
Sinyora Ornela kwao ni juu, gotini, penye baridi;
hatutakutana.
Huko maji hayanywi tope la Sabaki.
Nasikia ni buluu, ile buluu hasa
tuliyokuwa tukitia kwenye kanzu nyeupe.
Ila ufuo una mwenyewe:
kiti na mwavuli ni vya kukodi kwa siku,
na mstari wa mbele ghali kuliko wa nyuma.
Jua la Mungu, limepangwa safu kama sinema!
Nikaandika: mstari wa tatu.
Nikafuta.
Wa mbele. Siku moja tu.
Siku zilizobaki nitakaa mwambani bure, na mkate wangu.

Nitavaa dera la zambarau.
Mafuta ya jua sibebi, sisi na jua tunajuana.
Kitanda cha hoteli sikitandiki, hata Mbeyu aape vipi.

Lakini wapo wachuuzi, nimeona kwenye picha,
weusi kama mimi, bangili hadi kiwikoni,
wanatembea ule mchanga kutwa nzima.
Atakuja mmoja. Atanisalimu kwa Kitaliano,
nami nitamjibu kwa Kitaliano,
na hapo ndipo sijui.
Nimefikiri usiku mbili.
Labda nitanunua.
Labda nitavuta miguu, nimwambie keti kidogo,
hapa nchani, mstari wa mbele,
nimelipia mpaka saa kumi na mbili.

"Tarehe ya kurudi?" Kitsao anauliza.
"Hapa ndipo wanapokagua sana."

Andika kumi na nane, Agosti.
Ishirini nyumba inapokea wageni kumi na mmoja,
na mashuka, mwanangu,
hayajipigi pasi.