Baridi Hutembea Kama Maji

Tulikuwa saba, Isyonje, mwezi wa Juni,
na mimi peke yangu nilichagua bondeni.
Pametulia, nilisema. Nyasi laini,
kijito jirani, upepo haufiki.
Subilaga alikuwa akimenya viazi.
Hakuinua macho.
"Baridi hutembea kama maji," alisema.
"Hushuka, hutafuta shimo, ikakaa humo."

Nilicheka. Mimi wa Makambako!
Mtu aliyezaliwa upeponi
utamfundisha nini habari ya baridi?
Nikapigilia vigingi,
nikateremsha na miche ya kubadilishana,
pasheni mia na kumi na tatu kwenye viriba,
nikaipanga kando ya hema langu
ili asubuhi maji yasiwe mbali.

Jioni kila mtu alitoa alicho nacho.
Chaula alitoa fundo:
kamba ikilowa, linakaza;
ukilivuta mkia, linafunguka kama mlango wa jirani mwema.
Tumpe alibebesha parachichi kwa wembe,
taa ya kichwani ikimmulika vidole.
Kikonyo kilichongwa kikawa kabari,
kikaingia katika ufa wa shina, ganda kwa ganda.
"Unakata mara moja," alisema. "Ukirudia, umechinja."
Ambilikile alilaza moto.
Moto hauzimwi, kwa maelezo yake, unalazwa:
jivu chini, gogo la mwati, jivu juu,
na asiguse mtu hadi alfajiri.
Mimi nilitoa maneno.
Nilikuwa nayo mengi.

Saa nane usiku niliamshwa na meno yangu,
yakirukaruka kama mahindi kwenye ungo.
Turubai lilikuwa gumu kama bati.
Nikatoa mkono nje, nikashika nyasi,
na nyasi zikavunjika.

Jalidi.

Sikukumbuka kuvaa viatu.
Nilipiga kelele jina moja, nadhani la mama yangu,
kisha yakafuata ya wengine wote.
Wakashuka. Hakuna aliyeniuliza kitu.
Walikuja na mablanketi, na vitenge,
Chaula akavua sweta akabaki na singlendi,
hema langu tukaling'oa likafunika safu mbili,
na viriba vingine tukavipandisha mkono kwa mkono,
vinne vinne, gizani,
mvuke ukitutoka vinywani kama masufuria saba.

Nilitaka kuchemsha maji.
"Ya nini?" Subilaga akanishika bega.
"Ya kijito yanatosha. Nyunyiza sasa,
kabla jua halijagusa jani.
Jalidi hulifunga tu.
Linaloliua ni jua,
likilifungua kwa pupa."

Basi nikanyunyiza.
Kopo la maziwa nililitoboa kwa msumari
nikapita mche hadi mche, vidole vikifa kimoja kimoja,
huku wenzangu wamekaa macho kuuzunguka moto
ulioamshwa kabla ya wakati wake,
mabegani hawana kitu, kila cha kufunika
kimefunika pasheni.

Kulipokucha, bonde lilikuwa jeupe,
zuri, Mungu anisamehe, zuri sana.
Juu ya kilima nyasi zilikuwa kijani tu.
Mpaka ulionekana wazi, kama kingo za ziwa,
na ndani ya ziwa hilo, katikati kabisa,
vigingi vyangu vinne.

Subilaga alipita na chungu cha chai.
"Ugonile?"
Ndivyo wanavyosalimiana kwao: umelala?
"Sikulala," nikamjibu.
Hapo ndipo walipocheka, wote sita,
na chai ikamwagika.

Tulipoteza thelathini na mmoja.
Sikugawiwa katika iliyobaki, wala sikuomba.
Niliokota mmoja katika iliyotupwa,
mweusi kama utambi, nikautia mfukoni.

Upo nyumbani, ukutani upande wa mawio.
Umechipua chini ya kovu, majani matatu,
la tatu limepinda.

Na siku hizi, jua likizama,
kabla sijafungua tuta jipya popote
nawasha konzi ya majani mabichi,
nachuchumaa,
natazama moshi unateleza kuelekea wapi.
Sisemi neno.
Nauacha unionyeshe.