Sakafu

Oktoba nilifunga redieta tatu kati ya nne.
Nikaziba nyufa za madirisha kwa utepe wa gundi,
nikakunja zulia la marehemu mama
nikalilaza chini ya mlango kama paka mzee,
nikahamia jikoni na kitanda cha kukunja.
Hapa Pernik, mji uliokaa juu ya makaa ya mawe,
hakuna asiyejua bei ya kuota moto.

Kalenda ya duka la dawa ndiyo iliyokuwa daftari langu.
Novemba: leva ishirini na mbili.
Desemba: thelathini kasoro moja.
Dada yangu Rumyana, mtaa wa pili, alilipa mia na arobaini
akanililia kwenye simu.
Nikamwambia, wewe huna nidhamu.
Vaa soksi mbili. Chemsha maji mara moja, jaza chupa.
Ukimaliza kuoka, acha mlango wa oveni wazi,
usiruhusu joto liondoke kama mgeni asiyepewa hata chai.
Akiba haiozi, nikamwambia,
huku natembea jikoni bila viatu,
nyayo zangu vuguvugu,
najisifu.

Chini yangu aliishi Velko,
mchimba makaa mstaafu, mapafu yamejaa vumbi.
Daktari alimkataza baridi.
Alifungua redieta zake zote hadi mwisho,
Januari nzima alikaa na fulana,
madirisha yake yakitoka jasho.
“Mbadhirifu,” nilisema kwenye ngazi,
si kwa sauti kubwa,
lakini si ndogo pia.
Alikohoa, akanipa mtungi wa kabichi ya chumvi.

Tarehe kumi na moja Februari niliamka,
nikashusha mguu,
nikaurudisha kitandani.
Vigae vilikuwa na meno.
Nikadhani bomba limepasuka. Nikaipigia kampuni ya joto,
nikasikilizishwa kinanda dakika arobaini,
kisha msichana akasema: mama, kwako hakuna hitilafu,
kwako kila kitu kimefungwa.

Nikashuka. Mlangoni kwa Velko
karatasi yenye ukingo mweusi,
picha yake ya ujanani, kofia ya mgodini imekaa upande,
na tarehe ya siku tatu nyuma.
Alifia hospitalini.
Mwanawe alikuja usiku, akazima kila kitu, akarudi Sofia.
Jirani amekufa
nami nimepewa taarifa na nyayo zangu.

Nikapanda. Nikasimama mbele ya kalenda.
Ishirini na mbili, nimeizungushia duara jekundu.
Thelathini kasoro moja, duara, na nyota pembeni.
Hiyo haikuwa akiba.
Ulikuwa mkopo usio na hati:
mkopaji hajui kama anakopa,
mkopeshaji yupo chini anakohoa.

Sikulia. Nilihesabu.
Baridi imebakiza wiki sita, pensheni ni ile ile.
Juu yangu yupo Kalina na mumewe
na mtoto wa miezi minane.
Na wao wamefunga, najua,
bomba la ukutani halifichi siri,
na mchana kutwa nawasikia wakitembea na viatu ndani.

Koki ya sebuleni ilinigomea.
Nikaishika kwa koleo na kitambaa cha vyombo.
Bomba likaguna, likakohoa mara mbili
(nikasimama, nikasubiri),
halafu maji ya moto yakapita.

Bili ya Machi: themanini na sita.
Nimeilipa. Nimeiandika kwa penseli, bila duara.
Rumyana sijamwambia, atacheka hadi Pasaka.

Ila jana alasiri, darini,
kitu kilianguka, kijiko labda,
kisha kitu kingine kikaja kukifuata,
polepole, bila soksi, bila blanketi chini yake,
viganja na magoti,
viganja na magoti.