Tena

Kwa Syombua, Luthuli, ghorofa ya pili,
saksafoni mbili za tena zimelala
juu ya gazeti la juzi.

Mpya inang'aa hadi inaniona.
Funguo laini, zinatii kabla sijaamua;
noti ya chini kabisa inamwagika
kama mfereji siku ya zamu yetu.

Nzee imebabuka rangi.
Shingo iliungwa Grogan na fundi wa rejeta.
Kidole cha mwisho lazima kiombe ruhusa,
na kwenye ndoano pamelika
umbo la gumba la mtu nisiyemjua.

Napuliza. Inakohoa kwanza.
Kisha chumba kinaota kona
ambazo hakikuwa nazo,
na cherehani ya jirani
inanyamaza katikati ya pindo.

"Ya harusi ni ile," asema Syombua,
bisibisi yake ikielekea kwa mpya.
Kweli. Jumamosi, Ruaraka,
bwana harusi hatalipia kikohozi.

Nalipa nusu ya bei ya mpya.
Naibeba begani, nyepesi, haina deni na mtu
ila mimi.
Nashuka ngazi tatu.
Narudi.

Syombua hainui macho.
"Tena?"

Tena.